Marehemu wa Beykoz

Istanbul,
Jumapili asubuhi.

Kwa dada yangu Faudhia,

Assalamu alaikum. Ninaomba barua hii ikufikie hapo Mtua ukiwa na afya na moyo mtulivu. Mwanao Zena anaendeleaje na shule? Na macho ya mkweo Bi Moza, dawa alizopewa hospitali ya wilaya zimemsaidia au bado anapapasa ukuta akitaka kutoka nje? Mimi ni mzima. Asubuhi za huku zina baridi inayong'ata vidole, lakini wenyeji wetu wanatulisha vizuri, ila mkate ni mwingi mno hadi nimeanza kuota ming'oko yetu ya kuchimba porini.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Simu yako, dada, huwa unaisikiliza kwa sauti ya juu, na nyumba yako haikosi wageni. Habari hii nataka uisome peke yako, mlango umefungwa. Ndiyo maana nimempa Mzee Saburi, mwenyekiti wetu wa chama cha msingi, anayetangulia kurudi wakati mimi nabaki kumalizia mafunzo ya mashine za kusafishia ufuta. Usimwulize kitu mbele za watu. Soma mpaka mwisho, kisha mwite. Atakuthibitishia, maana aliona na kusikia.

Kazi tuliyotumwa na wakulima wa Ruangwa imekwenda salama. Wanunuzi wameukubali ufuta wetu. Tulipelekwa kiwandani tukaona wanavyousaga ukawa laini kama uji mzito, wanaupaka kwenye mkate. Ijumaa tukapewa siku ya kupumzika. Wenzetu wengine walitaka kwenda kwenye soko kubwa la mjini. Mimi niliomba twende mahali panapoitwa Beykoz, na Mzee Saburi akakubali kunisindikiza pamoja na Sofia, binti wa Kitanzania anayesoma huku na kutufanyia ukalimani.

Beykoz iko ng'ambo ya mji, ukiambaa na ule mlango bahari unaotenganisha Asia na Ulaya. Ukitoka katikati ya Istanbul, ambako watu wanasukumana mchana kutwa, unadhani umeingia nchi nyingine. Vilima vimefunikwa na msitu hadi karibu na maji, kijani kibichi kama Marambo mwezi wa tatu mahindi yakiwa kiunoni. Nyumba za mbao zimesimama kandokando ya maji, nyingine zimepauka, nyingine zimepakwa rangi nyekundu. Wazee wanavua kwa ndoana bila kusemezana. Meli kubwa zinapita taratibu, karibu kiasi kwamba unamwona baharia anavyoanika nguo. Paka wamelala barabarani na gari linawapisha. Mzee Saburi aliniambia kwamba mtu akizeeka mahali kama hapo hawezi kufa kwa presha.

Lakini mimi sikwenda Beykoz kuangalia miti.

Dada, shikilia moyo wako. Bakary mumeo hakufa.

Najua umesimama. Kaa. Wakati wa kupulizia salfa mikorosho mwaka jana, kijana mmoja wa Narung'ombe aliyekuja huku kusoma alinitumia video fupi ya bustani ya chai kando ya maji. Nyuma yake alipita mtu mweusi amebeba sinia, akageuka. Kile kidole chake kilichokatwa na mashine ya kubangulia korosho, na ule mwendo wa kuinua bega moja, sikuhitaji mtu wa kunieleza. Nilinyamaza. Uchumba wako na Rahimu ulikuwa umeshafika kwa wazee, na sikutaka kukuvuruga ilhali huenda macho yangu yalikuwa yamenidanganya. Ndipo nilipoanza kuhangaika niingizwe kwenye safari hii. Ulidhani nautaka sana ufuta. Nilimtaka yeye.

Nikamkuta. Bustani iko chini ya miti minene, meza zimepangwa karibu na maji, chai inaletwa kwenye vigilasi vilivyobana kiuno. Alikuja mwenyewe kutuhudumia, akiwa amenenepa, na ndevu zimechongwa vizuri. Alipoiona sura yangu, vigilasi vilianza kugongana kwenye sinia. Nilimsalimia kwa Kimwera. Akaangalia nyuma, kisha akaninong'oneza nimfuate kwenye gati la mashua.

Pale gatini alisema mengi, na nitakuandikia kwa ufupi kwa sababu hayastahili wino. Kwamba kazi aliyoahidiwa huku hakuikuta. Kwamba alilala kwenye maghala, aliona aibu kurudi mikono mitupu baada ya kuagwa na kijiji kizima, na kila tulipompigia simu aliona tunamdai maelezo. Kwamba alikutana na Emine, binti wa Mzee Halil mwenye bustani ile, akawaambia ni yatima na hajawahi kuoa. Mzee yule ni mcha Mungu; asingempa binti yake mtu mwenye mke aliyemtelekeza. Basi akamwomba mwenzake mmoja atupigie simu aseme amezama majini na mwili haukupatikana. Aliniambia, bila hata kuinamisha uso, kwamba aliona afadhali aliliwe kuliko aulizwe.

Nilimwambia kilichofuata kwetu. Nilimwambia umekaa eda yote ya mjane, ndani, katika joto la kabla ya mvua. Nilimwambia baba yake, baada ya khitma, aliacha kula, akawa anakaa njiapanda ya Marambo akingoja jeneza, mpaka tukamzika yeye. Hapo alilia. Nilimwambia pia kwamba Zena humsomea Yasini kila Ijumaa, na kwamba muda ule ule tuliosimama pale huenda alikuwa ameketi mkekani anamwombea rehema.

Akafuta uso akauliza, "Mama anakula?"

Nikamjibu, "Maiti haulizi."

Kuhusu Zena hakuuliza lolote, dada. Hilo ndilo lililonimaliza. Mpaka pale nilikuwa na hasira. Baada ya pale nilikuwa na nia.

Nilimweleza kuhusu Rahimu. Nikamwambia hawezi kukuzuia akiwa kaburini wala akiwa hai, atamke talaka pale pale. Aligeuka mpole. Akasema atatamka, lakini kwa sharti: nisimwambie mtu yeyote wa pale Beykoz, na nyumbani mama yake abaki akijua kuwa mwanawe amekufa. Emine ni mjamzito, alisema, na mzee akijua atamfukuza.

"Apa, Samia. Apa kwa Mungu ndipo nitamke."

Nikaapa. Nilimwita Mzee Saburi na Sofia. Bakary akasema kwa sauti wanayoisikia wote kwamba amemwacha Faudhia binti Faridi. Mzee Saburi akamtaka arudie, akarudia. Mzee alihudhuria ile khitma, na ndiye aliyewaongoza watu kwenye dua. Alitema mate majini akaondoka bila kumpa mkono.

Bakary alitusindikiza akitabasamu kama mtu aliyetua mzigo. Alidhani yamekwisha. Alitaka hata tusilipie chai.

Sasa nifike kwenye lile ambalo Mzee Saburi hapendi nikuandikie. Kiapo kile sikukitunza hata kwa muda wa kufika barabarani. Mzee Halil alikuwa amekaa mlangoni, anachambua maharage mabichi kwenye bakuli, na Emine pembeni yake. Nilisimama mbele yao. Nilimwambia Sofia atafsiri neno kwa neno, asipunguze. Sofia alisita, akanikumbusha nilichoapa. Nikamwambia kiapo ni changu, ulimi tu ndio ninaouazima.

Nikasema: "Mimi ni shemeji yake Bakary. Naleta salamu za mama yake, ambaye yu hai. Naleta salamu za mke wake, aliyemwacha sasa hivi pale gatini. Naleta salamu za binti yake anayemwombea kwa sababu anaamini amekufa. Baba yake hana salamu, kwa kuwa kilio kilimuua."

Bakary alikuja mbio, akaanza kuongea Kituruki kwa haraka. Mzee Halil aliinua mkono kumnyamazisha. Alimwuliza jambo moja fupi, na Sofia akaniambia anauliza kama ni kweli. Bakary akatazama chini. Mzee akaendelea kuchambua maharage, dada, lakini alikuwa anatupa maharage chini na kuweka maganda kwenye bakuli.

Emine alisimama kwa shida, mkono tumboni. Nilijiandaa kutukanwa. Aliuliza tu jina lako. Nikamwambia, Faudhia. Akalitamka polepole, mara mbili, mpaka akalipatia, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Yule mwanamke hajanikosea kitu. Nimelala na uso wake, na sitakuficha kwamba ndiye pekee ninayemwonea huruma katika jambo hili.

Jana nilirudi Beykoz peke yangu. Sikuwa na shughuli, nilitaka kuona. Nilimkuta Bakary kwenye benchi kando ya maji, begi miguuni, nguo alizovaa ni zile zile za Ijumaa. Aliniona dirishani mwa basi akainua mkono. Nilifurahi, Faudhia. Nilifurahi mpaka meno yaliniuma. Leo nimeanza kufunga kwa ajili ya kafara ya kiapo nilichokivunja, maana Mungu hana kosa kwangu, lakini ukiniuliza kama najuta, sijutii.

Mwambie Rahimu asubiri. Najua ni uchungu kwamba ulikaa eda ya mtu aliye hai na sasa unakaa nyingine ya talaka, lakini safari hii ukitoka umetoka kweli. Kama anakupenda atangoja. Kuhusu Bi Moza na Zena, hilo nakuachia wewe. Mimi nimemaliza nguvu zangu zote huku.

Nisalimie majirani wote wa Mtua, na shangazi akipita kutoka Narung'ombe mwambie nimemnunulia mtandio. Mzee Saburi umpikie kitu kizuri, amechoka.

Jambo moja la mwisho. Bakary sasa hana pa kulala, na naamini siku moja atabisha hodi hapo kwako. Usimtukane, wala usimpigie kelele. Mwambie aanzie Marambo, apalilie kaburi la baba yake mpaka liwe safi, ndipo aje aombe maji.

Mdogo wako akupendaye,
Samia Faridi