Kicheko cha baba mbele ya wakwe

Elda, umeme umekatika wakwe wa mdogo wangu Kadidja wakiwa sebuleni. Gizani nikasikia kijiko cha baba kinagonga kikombe. Nikajua kicheko kinakuja.

Si unajua, tangu apigwe na kiharusi anacheka bila kutaka.

Mshenga alikuwa anamtaja marehemu baba wa bwana harusi. Baba akacheka. Akacheka, Elda! Nikawasha tochi ya simu, ikammulika meno yote.

Mshenga: "Mzee, tumetoka Nyanza-Lac kuja kuchekwa?" Akaomba viatu vyake. Viatu, kweli.

Kadidja nyuma ya pazia, hapumui. Mshenga ameshavaa kiatu kimoja.

Ndipo mwanangu Kaoutar, sambusa mdomoni, akamwambia: "Babu alicheka hivi hata siku tulipomzika bibi."