Namba Tatu za Kisima cha Bwana Noske

Mpendwa mshauri Bi. Coralie, naomba msaada wako maana nimechoka mpaka kulia kwenyewe siwezi, mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu hapa Adelaide, nasoma shahada mbili kwa pamoja, sayansi na sheria, mwaka wa tano sasa, na tangu nianze sijawahi kukosa alama za juu, picha yangu imebandikwa ukumbini chuoni, na baba yangu, fundi bomba, huwaonyesha hata wateja wake.

Mradi wangu wa sayansi ni kupima chumvi kwenye kisima cha mkulima wa Mallee, nyanda kavu mbali na mji, Bwana Noske, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kila siku kwa siku kumi na nne, lakini katikati yakaingia mashindano ya mahakama ya mazoezi kule Melbourne, timu ya sheria inanitegemea, nikaenda, tukashinda, nikarudi na kukuta daftari lina siku tatu tupu, na siku hizo ndizo jirani yake alizowasha pampu zake kubwa, wakati ambapo chumvi hupanda, basi nikashika kalamu nikatunga namba tatu, nzuri tu, zinazofanana na nyingine.

Wiki iliyopita Bwana Noske akanipigia. "Binti, nasikia maji yangu safi, hayana chumvi ya kuua mizabibu! Nimeshaagiza miche ya mizabibu, Septemba napanda upande wote wa chini." Nikamwambia hongera. Tamsin ninayekaa naye anasema, "Namba tatu tu, umeua mtu?" Nilikwenda kwa msimamizi wangu, Dk. Halloran, nikaanza, "Daktari, kuhusu zile namba..." akanikatiza huku anacheka, "Angekuwa mwingine ningezikagua. Zako nimeshaziingiza kwenye ripoti." Nikatoka. Na siku ya kuomba uwakili lazima nitaje udanganyifu wowote niliofanya chuoni, kwa hiyo nikisema napoteza shahada zote mbili, nisiposema naapa uongo, nifanye nini?

Rowena (si jina langu), Adelaide

Rowena,

Barua yako sikuiacha ingoje zamu yake gazetini, kwa sababu Septemba iko mlangoni. Nilikujibu kwa barua siku ileile: mpigie mkulima kwanza, kisha mwandikie Dk. Halloran, kwa maandishi, asipate nafasi ya kucheka.

Pole, binti. Umechoka, naliona hilo katika kila mstari. Lakini uchovu haukushika kalamu, uliishika wewe. Na huyo Tamsin mwambie anyamaze. Hujaua mtu, ila ulikuwa tayari kumwacha mzee azike akiba yake ardhini huku unampa hongera. Mwanasheria mtarajiwa! Shahidi angesema hivyo mbele yako, ungemmeza mzima.

Umepiga simu, na barua yako ya Jumanne ninayo hapa. Unasema Bwana Noske alikujibu, "Bora umesema kabla sijachimba mashimo. Jirani anawasha pampu Alhamisi. Njoo upime." Dk. Halloran hakuwa mpole hivyo. Amekupeleka kamati ya nidhamu, mradi umepata sifuri, utaurudia mwaka ujao, na ile picha imebanduliwa. Unaniuliza kama nimekuharibia maisha. Hapana. Nimekuharibia mwaka mmoja, tena nusu yake uliiharibu mwenyewe.

Sasa nisikilize. Alhamisi nenda ukapime, uandike unachokiona. Kikiwa kibaya, kiwe kibaya. Kama huna nguvu za kuendesha, mwombe mtu akupeleke, usije ukalala kwenye usukani. Muhula ujao chukua somo moja tu la sheria, mengine utayakuta palepale. Timu ya mahakama waambie hapana, na wakikubembeleza waambie tena hapana. Nenda kwa daktari wa wanafunzi, umweleze hali yako kama ulivyonieleza mimi. Baba yako mwambie mwenyewe, jikoni, ana kwa ana, kabla hajasikia kwa mteja. Atanuna. Mwache anune.

Na siku ya fomu ya uwakili ikifika, usijifiche nyuma ya maneno ya kitaalamu. Andika hivi: "Nilitunga namba tatu. Kabla mtu yeyote hajagundua, nilimpigia mwenye kisima." Watakaokuhukumu watasimama kwenye sentensi ya pili na kuisoma tena.

Bi. Coralie