Klorini ya Jakuzi la Wageni

Jumanne, baada ya chakula

Mimi ndiye niliyeacha kutia dawa, si Neema. Wiki nzima mwanangu Elia amemgombeza mkewe kwa sababu mgeni aliyeoga kwenye jakuzi, lile beseni kubwa la maji moto la nyumba yetu ya wageni, ametokwa na vipele mgongo mzima, na mimi nimekaa kimya namenya ndizi.

Kabla ya hapo Neema alikwenda kwao kumuuguza mama yake, akaniachia kazi yake bila Elia kujua: nioshe chujio, nitie klorini kila jioni. Chujio nililiosha. Klorini nilikataa. Maji yanashuka kutoka Mlima Meru, tumeyanywa tangu enzi za babu, halafu niyatie kitu kinachonuka kama choo cha hospitali? Na yalikuwa meupe, hadi chini unaona.

Leo nimewaambia wote wawili. Elia aliinamisha kichwa. Neema akasema, "Mama, nilijua. Kopo la dawa nililikuta limejaa."

Alijua, akakubali kusemwa siku zote hizo ili mimi nisiaibike. Nikamwambia aache ujinga, mkosaji hafichwi.

Kisha nikamwomba anionyeshe kipimo cha dawa. Tangu aolewe hapa nimekuwa nikimwamuru tu. Kumwomba, sijawahi.