Hina Juu ya Uvimbe

Dada Siti,

Sijamwambia mtu: tangu uondoke, harufu ya ubani inanitapisha. Siku ya arubaini yako, shangazi Mishi alipowasha chetezo, nilikimbilia uani nikatapika pilau yote. Wakasema ni majonzi. Si majonzi, dada. Ni kinyaa. Hata mkono wa shangazi, nikishaubusu kwa shikamoo, naenda kunawa midomo kwa sabuni.

Unakumbuka ulipokuwa na mimba, miguu yako ilivyovimba hadi kandambili zikakataa kuingia? Shangazi aliibinya akicheka. "Wallahi huyu kanawiri! Dume hilo!" Akakupaka hina juu ya uvimbe ule, wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele, kwa ugonjwa! Ulipolia kwamba kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, akasema pepo wako anataka kufukizwa. Wakakufunika shuka na chetezo ndani yake. Ukaanza kutetemeka, ukauma ulimi, naye akashangilia: "Kashapanda! Sasa atasema jina lake!"

Hukusema jina lolote. Tulipokuvusha kwa feri hadi hospitali ya ng'ambo, wewe na mwanao mlikuwa mmekwisha.

Daktari alimweleza baba, nami nilikuwa nyuma yake. Kondo la nyuma lisipopata damu ya kutosha hutoa vitu fulani vinavyosafiri katika damu ya mama kama ujumbe. Seli zilizotanda ndani ya mishipa zikivipokea, zinadhurika. Mishipa inajibana, presha inapanda, maji yanavuja miguuni, usoni, hata kwenye ubongo. Ni vitu gani hasa, alisema, wataalamu bado wanatafuta. Lakini presha ingepimwa mapema, pengine ungeokolewa.

Shuleni nilichora seli kwa kalamu za rangi, nzuri sana. Sikujua zinaweza kudanganywa hivyo.

Baba aliitikia, "Ndiyo, daktari." Nyumbani shangazi akasema, "Daktari ajua nini mambo ya pepo?" Baba akaitikia vilevile, "Ndiyo." Ile "ndiyo" yake nayo inanichefua.

Sasa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani tu. Wifi yetu Mejuma ana mimba ya miezi saba. Asubuhi hii nilimbonyeza mguu, kidole changu kikaacha shimo, na shimo halikujaa. Shangazi ameshaanza kutwanga hina. Nilitaka kupiga kelele. Unanijua, mimi si wa kelele. Nikamnong'oneza Mejuma jikoni yote aliyosema daktari.

"Wewe bubu, kumbe una maneno?" akanitania. Halafu akalia. Kichwa kinamuuma tangu juzi.

Shangazi akisimama kuswali adhuhuri, tunatoka kwenda kupanda feri. Akituona atatufungia ndani, na chetezo juu yake. Nakuahidi sitauachia mkono wa Mejuma mpaka apimwe presha, na daktari akiuliza nitajibu mimi, kwa sauti.

Pumzika, dada yangu. Mola akupe nuru huko uliko.

Mama hulala mchana, na kila akilala anakuota. Leo akikujia, zungumzeni yote mtakayo, ila hili usimwambie, maana akiamka humsimulia shangazi kila ndoto. Tafadhali, Siti. Usimwambie mpaka tuwe ng'ambo.

Mdogo wako,
Zuhura