Siku Tuse Alipoingia Majini

Jumanne, 1 Julai

Majani yaking'olewa. Sauti hiyo haijaniacha tangu jana. Mizizi inakatika taratibu, udongo unakung'utwa, kimya, kisha tena. Nilisimama nyuma ya mikorosho nikisikiliza. Shemeji alikuwa amepiga magoti kwenye kaburi la dada Felista, anang'oa majani kwa mikono, koti la safari hajalivua. Nyumbani alikuwa hajafika bado. Alishuka kwenye gari akaenda kwa mkewe kwanza.

Ningependa awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

Asubuhi kama siku zote. Ukungu mpaka mlangoni. Nimewasha mkaa, nimebandika uji, nimemwamsha Tuse kwa kumvuta kidole cha mguu. Shule zimefungwa lakini sisi tunaamka vilevile. Uso tunanawa kwa kikombe kimoja, maji ya mvua kwenye tangi yameshuka sana. Ameniuliza mgeni ataamka saa ngapi. Amesema "mgeni". Hakusema "baba". Nimefurahi. Si jambo zuri kulifurahia, lakini nimelifurahia.

Jumatano, 2 Julai

Shemeji amesema leo, baada ya chai. Amekuja kumchukua Tuse.

Nilijua. Mtu hatoki Tukuyu mpaka Newala, siku mbili njiani, kuja kupalilia kaburi tu. Alikuwa bwana shamba hapa wakati ule, akamwoa dada. Dada alipofariki Tuse alikuwa bado ananyonya. Yeye akahamishiwa kwao, mtoto akabaki kwa Mama. Mimi nilipomaliza chuo niliomba nipangiwe kufundisha Newala. Wenzangu walinicheka. Sikuwaambia sababu. Sababu ilikuwa inajifunza kutembea.

Sasa Shemeji ameoa. Mke anakubali. Tuse ana miaka saba, ameshang'oa meno ya mbele. Shemeji anasema mtoto amefikia umri wa kukaa na baba yake. Kwao mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwetu mtoto ni wa kwa mama, na mwenye neno ni mjomba. Kila mmoja ana haki kwa desturi yake, na mtoto ni mmoja.

Mjomba aliitwa kutoka shambani. Alikuja ananuka salfa ya mikorosho, nyusi nyeupe kwa unga wa dawa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Bwana shamba," akasema, "wewe umesomea haya. Ukipeleka mbegu kwenye shamba la watu, shamba linahama?"

"Shamba halihami, Mjomba," Shemeji akasema. "Lakini mtoto ana miguu."

Mama akacheka. Kisha akafunika uso kwa kanga na hatukujua kama bado anacheka.

Kikao kimewekwa Jumanne. Wazee wa ukoo watakaa. Mjomba amesema ataulizwa mtoto mwenyewe, mbele ya wote, na jibu lake ndilo litakalofuatwa. Shemeji amekubali. Mjomba alilisema upesi kwa sababu ana hakika na jibu. Mimi pia nina hakika.

Ijumaa, 4 Julai

Shemeji anamfuata Tuse kama mtu anayemfuata kuku bila kutaka kumshtua. Anakaa mbali kidogo. Anamuuliza kuhusu shule. Tuse anajibu neno moja moja, halafu anakuja kujibanza kwangu. Napika nikiimba. Mama ameniambia niache kuimba, si vizuri mbele ya mgeni mwenye huzuni.

Kesho anatupeleka Masasi, kwenye ile bustani mpya ya michezo ya maji, barabara ya kwenda Nanganga. Mama hakuelewa. "Maji ya kuchezea?" aliuliza mara mbili. Yeye alikulia kufuata maji bondeni, kushuka na kupanda mteremko wote na mtungi kichwani. Shemeji alimweleza kwa adabu. Mama akasema, haya Baba Tuse, nendeni mkayaone, mrudi mniambie kama ni kweli.

Masasi angalau kuna joto. Watu wa huku juu hushuka Masasi mwezi huu kuota jua.

Jumamosi, 5 Julai

Naandika yote. Sitaki kesho nijidanganye kwamba haikuwa hivi.

Hakukuwa na joto. Tuliteremka mlima tukidhani tunauacha ukungu nyuma, tukaukuta Masasi umetutangulia. Upepo, manyunyu, vilima vya mawe vyote vimefunikwa. Sijawahi kuiona Masasi hivyo. Wauza karanga stendi wamevaa makoti. Bango la bustani limeandikwa KARIBU UPOE, na chini yake mlinzi amejifunga kanga ya mkewe shingoni.

"Mmetoka wapi?"

"Newala," nikasema.

"Nilijua tu. Nyie ndio mmetuletea baridi yenu kwenye mifuko."

"Tumeileta yote. Huko juu sasa wanavua mashati."

Alicheka mpaka akakohoa. Shemeji naye akacheka. Tuse akaniangalia, akaona nami natabasamu, ndipo akacheka. Hilo nililiona palepale mlangoni. Sikulijali.

Ndani, watu wachache sana. Twiga wa saruji, sikio moja limebanduka. Minazi ya plastiki iliyofungwa kwa waya isianguke. Spika kubwa inawapigia muziki viti vitupu. Bwawa ni la bluu mno, na juu yake mtelezo unaopinda mara mbili na kumwaga watu majini. Hakukuwa na wa kumwaga. Kijana anayeusimamia alikuwa na kofia ya sufu na filimbi mdomoni.

"Mnaingia kweli?" alituuliza. "Sisi wenyewe tangu juzi hatujaoga."

Tuse alikuwa amevaa nguo ya kuogelea aliyonunuliwa na baba yake, juu yake sweta, juu ya sweta jaketi langu. Tulikaa kwenye benchi. Shemeji alisema baridi hii kwao Tukuyu ni jua. Akavua viatu. Akachutama mbele ya Tuse na kumuuliza, twende?

Tuse akaniangalia.

Sikusema kitu. Naapa sikusema kitu. Nilinyoosha mkono tu, nikamvutia zipu ya jaketi mpaka kidevuni.

"Sitaki," akasema. "Baridi."

Shemeji akavaa viatu vyake. Tuse akaniegemea, miguu inaning'inia, anautazama mtelezo. Aliutazama muda mrefu bila kupepesa. Mimi nilihisi nimeshinda. Hilo ndilo neno, na sitalibadilisha.

Baadaye nilikwenda kutafuta chai. Kibanda kiko upande wa pili, nyuma ya bembea, na wafanyakazi wote walikuwa wamezunguka jiko la mkaa wanabishana nani aongeze tangawizi. Nilichelewa. Nilirudi na vikombe vitatu, na kabla sijawaona nikasikia mtoto anacheka.

Nakijua kicheko cha Tuse. Kuna cha kumcheka Bibi, kuna cha kutekenywa, kuna cha uongo anapotaka tusiendelee kumuuliza jambo. Hiki sikukijua. Kilitoka tumboni. Walikuwa wanashuka mtelezoni pamoja, yeye kati ya magoti ya baba yake, baba mtu mzima na suruali yake, wakadumbukia majini, wakapotea, wakaibuka. Mtoto wa Newala, ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuingia ni beseni la kufulia. Anakohoa, meno yanagongana, anacheka.

"Tena, baba. Tena."

Wakapanda tena. Wakashuka tena. Kijana wa filimbi aliwapigia makofi. Nilisimama karibu na twiga, chai inaniunguza vidole, siwezi kusogea.

Ndipo akaniona.

Kicheko kikakatika, kama redio iliyozimwa. Alitoka majini mbio, akaja mpaka kwangu, midomo imekuwa zambarau, maji yanamchuruzika.

"Sikutaka, Mamdogo," akasema. "Yeye ndiye aliyesema."

Shemeji alisikia. Alikuwa hatua chache nyuma yake. Nilisubiri akasirike. Alivua shati, akalikamua, akaona halifai, akachukua koti lake kavu kwenye benchi na kumfunika. Kisha akapokea chai yake kutoka mkononi mwangu. "Asante, Mwalimu," akasema.

Njiani wote wawili walisinzia. Sikusinzia.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani nimekaa nyuma. Sikuweza kusali, sikujua niombe nini. Nikiomba abaki najiombea mimi.

Tuse ana mafua. Mama anamkanda kifua kwa mafuta na kusema ndiyo matokeo ya maji ya kuchezea. Shemeji ameomba radhi kama mtoto.

Nimekuwa nikikumbuka simu za Jumapili. Kila wiki Shemeji alipiga, kila wiki nilimpa Tuse simu, naye aliongea kwa maneno mafupi huku ananitazama machoni. Ndiyo. Hapana. Nimeshakula. Nilidhani hampendi. Nilimweleza hivyo hata Mama: mtoto hamtaki baba yake, utafanyaje.

Alikuwa ananitunza. Miaka yote hii mtoto ananitunza mimi.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Mvua ya ukungu, nguo hazikauki.

Mjomba amepita akielekea dukani. Ameniita pembeni. Anataka nimwandae mtoto kwa kesho. Asibabaike, aseme wazi, anabaki kwa Bibi. "Mwalimu mzima hashindwi kufundisha sentensi moja," akasema, akanigonga begani. Ananipenda. Anapigania damu ya dada yake, na anaamini anapigania na moyo wangu. Ni kweli anaupigania.

Jioni nilimsuka Tuse. Alikaa kati ya magoti yangu, anachezea kitana.

"Mamdogo, nikiulizwa kesho nisemeje?"

"Sema unavyotaka."

Nikasuka mstari mzima.

"Wewe unataka nisemeje?"

Nilivuta nywele kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Hakulia. Alikaza shingo tu na kusubiri. Nilimaliza kichwa chote sijamjibu, na ninajua kwamba kwa mtoto huyu kutojibu ni jibu. Aliitikia kwa kichwa, peke yake, kama aliyepewa kazi ya nyumbani na ameielewa.

Nampenda kiasi kwamba natamani augue. Nimeliandika. Natamani homa impande asiweze kusafiri.

Jumanne, 8 Julai

Kikao kimekwisha. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 11 Julai

Tuse na baba yake wameondoka Jumatano asubuhi, kwa njia ya Tunduru. Shemeji alipiga simu kutoka Songea, kisha jana kutoka nyumbani kwake. Tuse ameongea nami. Alitapika mara moja kwenye gari. Mama yake wa huko amempikia ndizi, amekula. Kuna ndama. Alieleza habari za ndama kwa muda mrefu, maneno mengi, bila kupumua. Sauti haikuwa na woga. Nilimsikiliza huku nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, na alipomaliza nilisema ni ndama mzuri sana.

Mama haongei nami tangu Jumanne. Ananipikia, anasukuma sahani upande wangu, anaangalia kwingine. Mjomba ametuma ujumbe kwamba mwaka huu asitegemewe kuja kutusaidia kupuliza dawa. Aliniambia siku ile ile niliporudi, mbele ya wazee, kwamba nimemtupa mtoto wa marehemu kama ganda. Shemeji alitaka kunitetea, nikamwomba kwa macho aache.

Nimefua shuka za kitanda cha Tuse. Nimezianika, hazikauki. Jumatatu shule zinafunguliwa. Nina vipindi vya kidato cha pili, mmeng'enyo wa chakula.

Nieleze nilichofanya, kwa sababu hapa nyumbani hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mjomba alimwita Tuse aje aketi katikati ya mkeka. Alikuja na gauni lake la kanisani na nywele nilizomsuka. Aliangalia huku, akaangalia huku, akaniona nimekaa pembeni mwa Mama, akatulia. Akaweka mikono mapajani. Alikuwa tayari na sentensi yake. Mjomba akaanza, "Haya, mjukuu wangu, usiogope," na kabla hajafika kwenye swali niliinuka. Mama alinishika kanga. Nikaivuta. Sikumtazama Tuse. Nilitoka nje, nikavuka uwanja, nikashika njia ya sokoni ndani ya ukungu na kuendelea kutembea, ili akigeuza kichwa kunitafuta asione uso wangu popote.