Mama Mrefu Alikuwa Anahema Tu

Jumanne, 1 Julai 2025

Sehemu ya nane ya katuni yangu, Msichana wa Kisima, nimeimaliza. Eve kalala kifuani, jino la chini linamsumbua, mimi nasikiliza kwa sikio moja maana hedifoni ya upande wa pili ilishakufa.

Nimelia kidogo. Siyo woga. Mama Mrefu kasimama tena nje ya mlango wa yule mtoto, Mira. Hana uso, kichwa kinagusa dari, mikono inafika magotini. Hagongi. Anasubiri mpaka Mira asinzie na lile sweta lake kubwa la bluu, ndiyo anaondoka. Halafu watu wanasema anataka kumla. Mtu mwenye njaa hakai anaitazama ndizi sehemu nane nzima.

Nimesema hivyohivyo kwenye grupu letu la Wana Kisima. Kwa vois, maana nikiandika Sifaeli wa Ngaramtoni ananisahihisha herufi mbele za watu. Nikasema huyu ni mama yake Mira. Ushahidi upo sehemu ya pili, pale dirishani, kasema mwenyewe: "Mwanangu, rudi nyumbani." Mnabishana nini tena?

Sifaeli akajibu kwamba hata fisi ana watoto. Jackline, admini wetu, mwenye saluni hapa chini ya chumba chetu, akaweka vikatuni vya kucheka kwangu na kwa Sifaeli. Anakula pande zote huyo.

Mume wangu, Lengai, anasema nimeolewa na katuni. Nikamwambia katuni haiachi soksi kwenye beseni la mtoto. Soksi bado zimo.

Baridi ya Julai imekuja na hasira. Nashinda na sweta la kijani alilonipa mama mkwe siku niliyopelekwa kwao Oldonyo Sambu mara ya kwanza. Siku ile nzima alinisemesha mara moja tu: "Unasikia baridi?" Nikasema kidogo. Akaingia ndani, akatoka nalo, akanirushia. La mtumba nadhani, kiwiko kimoja kina kiraka. Tangu hapo kila nikilivaa ananitazama kama nimemwibia. Mwaka wa pili sasa.


Alhamisi, 3 Julai

Leo jambo limetokea.

Nilipeleka flash kwa Gerson. Ndiye anayetutafsiria Msichana wa Kisima. Katuni yenyewe inaongea lugha ya huko kwao, chini kuna maandishi ya Kiingereza, na mimi niliyeishia kidato cha pili maandishi hayo yananipita kama bodaboda. Gerson anaongea Kiswahili juu yake. Wote ni yeye: mtoto, daktari, polisi, mbwa. Kibanda chake cha muvi kipo hapahapa Daraja Mbili, ukuta mmoja na fundi wa kuchomelea mageti.

Akaniuliza, "Wewe ndiye wa ile vois ya ndizi?"

Nikajua nimeharibu. Kumbe naye yumo kwenye grupu, kairudia mara tatu. Anasema watu wamechoka kusikia wanawake wanaongea kwa sauti yake ya debe. Anatafuta sauti ya kike. Nijaribu sehemu ya kumi. Nikiiweza, sauti za kike zote ni zangu, na mwanzoni kabisa atalitaja jina langu.

Jina langu. Mimi Kandida, niliyekuwa natolewa nje ya darasa kwa kuongea.

Nimerudi nyumbani nimesahau flash.


Jumamosi, 5 Julai

Mazoezi. Gerson hurekodi saa saba tu, fundi wa mageti akienda kula. Ukutani kuna magodoro mawili yenye maua. Nilipewa sauti ya nesi. Maneno matatu: "Mgonjwa amelala, daktari." Nimeyasema mara saba. Mara ya saba nilikuwa vizuri, Eve mgongoni akacheua kwa sauti. Nikataka kulia. Gerson akasema acha, hospitali kuna watoto.


Jumapili, 6 Julai

Nina hasira, naandika haraka.

Baada ya misa nilipitia kwa Gerson. Sehemu ya tisa na ya kumi zimetoka pamoja huko kwao, akanionyesha ya tisa kabla hajaitafsiri. Mama yake Mira yupo. Ana uso, ana nywele, ana kazi, anakata tiketi stesheni ya treni. Anabandika picha za mtoto wake aliyepotea kwenye nguzo. Mama aliyemzaa, mzima, ana mafua.

Nikamuuliza, sasa yule wa dirishani aliyesema mwanangu?

Gerson akaanza kufuta meza ambayo ni safi.

"Hakusema kitu, Mama Eve. Alikuwa anahema tu."

Anahema.

"Kuhema sekunde kumi. Maandishi hakuna. Watu wangedhani simu zao zimeharibika. Nikajaza."

Akajaza. Miezi miwili nagombana na mtu wa Ngaramtoni kwa ajili ya pumzi. Hata jina! Huko kwao anaitwa Mrefu, basi. Umama kaupata hapa Daraja Mbili, nyuma ya godoro.

Nilitaka kuondoka. Akaniita. Akanionyesha mwisho wa sehemu ya kumi. Mrefu anapiga magoti mbele ya Mira. Mara ya kwanza kamsogelea hivyo. Anahema tena, dakika nzima, na hakuna maandishi. Gerson anasema hawezi kubahatisha mara ya pili. Akikosea watu watahamia kwa madijei wengine wanaotafsiri. Na akiacha kimya, watauliza mbona zamani aliongea.

"Sauti ni yako," akasema. "Tafuta la kusema. Lisinipinge mimi, lisiipinge katuni. Ijumaa saa saba. Ukikosa nafanya mwenyewe kama siku zote."

Siku tano. Nimekubali. Sijui kwa nini nimekubali.


Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, saluni ya Jackline imejaa, na sehemu ya tisa ipo kwenye simu za watu. Sifaeli kaandika: mama wawili, mtoto mmoja, kanisa litasaidia. Halafu: Mama Ndizi yuko wapi? Sasa wote wananiita Mama Ndizi. Jackline kapanda mpaka mlangoni kwangu, kitana mkononi. "Shoga, jibu basi, watu wanachoma bando kukusubiri." Nikasema mtoto anaumwa jino.

Kumtaja Gerson siwezi, nitamharibia kazi. Kujibu siwezi. Nimefua nguo zote za ndani ya nyumba, mpaka pazia.


Jumanne, 8 Julai

Lengai kapanda Meru alfajiri na wageni wake, kabeba mahema. Saa nne hodi. Mama mkwe, na kibuyu cha maziwa na viazi nusu gunia. Hakupiga simu. Huwa hapigi. Namwita yeyo, mama kwa Kiarusha.

"Shikamoo yeyo."

"Marahaba."

Akamchukua Eve, akamfungua mdomo kama anakagua mbuzi. "Jino?" La pili, nikasema. Akaguna. Halafu macho yakahamia kwenye sweta. Yakakaa hapo. Nikajikuta naficha kiraka kwa kiganja.

Maneno ya siku yameisha hapo. Tumekula viazi.


Jumatano, 9 Julai

Sijui nianzie wapi.

Mchana Eve kalala. Nilikuwa narudia kile kipande cha mwisho, Gerson alinitumia, hakina Kiswahili. Nimerudia mpaka hedifoni ikaniuma sikio, nikaitoa. Yeyo yuko nyuma yangu anachambua maharage. Nikangoja aseme ni mashetani. Mama huyu anasali Kilutheri, wimbo wote kwa kichwa, hana kitabu.

Akasema, "Rudisha."

Nikarudisha. Akaangalia, haelewi lugha, na mimi sielewi, tukawa sawa.

"Huyo mtoto hilo sweta kalitoa wapi?"

Nikamweleza. Sehemu ya kwanza, Mira kapotea, mvua inanyesha, kakuta nyumba tupu karibu na kisima, kalitoa kwenye kamba ya nguo.

"Basi. Ni la marehemu. Huyu mrefu amefiwa." Akatupa haragwe bovu. "Hujaona ananusa?"

Anahema, nikasema.

"Anahema nini. Ananusa."

Ndiyo akanisimulia habari za ng'ombe. Ndama akifa, mama yake anagoma, maziwa hayashuki. Basi mnachuna ngozi ya yule aliyekufa, mnamvisha ndama mwingine asiye na mama. Mnampeleka. Ng'ombe ananusa. Siku ya kwanza anampiga teke. Siku ya pili anageuka tu, hamtaki, lakini haendi mbali. Siku ya tatu unamkuta anamlamba.

Nikasema, kwa hiyo mnamdanganya.

Yeyo akacheka. Sijawahi kumwona anacheka, kumbe jino la upande hana. "Nani kakwambia anadanganyika? Ng'ombe siyo mjinga. Anajua toka siku ya kwanza siyo wake."

"Sasa mbona anamlamba?"

Akainama kwenye maharage yake. "Anachoka kukataa," akasema. "Na mtoto ana baridi."

Sehemu nane Mrefu kasimama nje ya mlango. Hajui kama apige teke au alambe. Mungu wangu.

Nimemwekea chai yeyo, nikaijaza sukari mara mbili. Kainywa.


Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi nimekimbilia kwa Gerson, Eve nimemwacha na bibi yake. Nikamweleza yote, mpaka teke. Alikuwa anakula chapati, akaiweka chini. Tukafungua sehemu ya kwanza, pale kwenye kamba ya nguo, tukaisogeza kidogokidogo. Ushahidi upo! Pembeni ya kisima kuna kiatu. Kimoja, cha mtoto, siyo cha Mira, kimeota ukungu. Kinapita haraka, hakuna mtu aliyewahi kukisema, hata Sifaeli.

Kwa hiyo Gerson hakukosea sana na katuni haikukosea. Siyo mama aliyemzaa. Ni mama.

"Sasa aseme nini?" Gerson akauliza.

Nimepata sababu, maneno sina.

Jioni Lengai kapiga kutoka kambini, upepo mwingi. Mtoto mzima? Mzima. Yeyo? Yupo, kanifundisha ng'ombe. Huko mjini baridi? Baridi, ila nina sweta langu la kijani. Akasema vizuri, hata Namnyaki alilipenda, alikuwa halivui.

Nikamuuliza nani.

"Namnyaki. Si ni sweta lake? Mama hakukwambia?"

Mtandao ukakata.

Namnyaki ni mdogo wake Lengai. Namjua kwa picha, ipo ukutani Oldonyo Sambu juu ya redio, na ua la plastiki. Alifariki mwaka mmoja kabla sijaolewa. Kwenye picha kavaa gauni la kipaimara. Ningejuaje.

Yeyo alikuwa pembeni anamwogesha Eve, anamwimbia. Nimelivua, nikalikunja vizuri, nikaliweka juu ya kitanda. Nikalitazama. Nikalivaa tena.


Ijumaa, 11 Julai

Saa saba kasoro. Nipo kwa Gerson, naandika hapahapa magotini. Fundi bado anachomelea, geti la mtu lazima liishe ndiyo ale. Gerson anatembea kutoka godoro la kwanza mpaka la pili. Yeyo kakaa nje kwenye kigoda na Eve. Kakataa kubaki nyumbani. Anasema anataka kumwona huyo mfiwa. Jackline kamletea soda, kampigia shikamoo ya kuinama kabisa, anapeleleza.

Kwenye grupu nimetuma vois moja asubuhi: tazameni kiatu sehemu ya kwanza, pembeni ya kisima. Nikazima simu. Sifaeli atafute makosa ya herufi humo.

Nina karatasi ya maneno. Nimeandika: Mwanangu, rudi nyumbani. Nimekata. Mira siyo wake, na kwao ni kwa yule wa stesheni. Nimeandika: Nipe sweta la mtoto wangu. Nimekata, huyo ni fisi wa Sifaeli. Nimeandika sentensi ndefu yenye machozi, Gerson akasoma, akasema huyu sasa anagombea udiwani. Nimekata.

Asubuhi kabla hatujatoka kulitokea kitu. Nilikuwa nimemfunga Eve mgongoni, yeyo akanivuta mkono. Kiraka cha kiwiko kilikuwa kimeachia. Hakuniambia nivue. Akachomoa sindano kwenye kanga yake, akanishonea hivyohivyo nimesimama. Akamaliza, akainama akate uzi kwa meno. Uzi ulikatika. Uso wake ukabaki palepale kwenye kiwiko, muda mrefu kuliko uzi unavyohitaji.

Nilijua, na nadhani alijua kwamba najua. Sikusogea. Eve alimshika kilemba.

Halafu akanyanyuka, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kugomba kidogo, swali lilelile la siku ya kwanza.

Sasa karatasi yangu ina mstari mmoja ambao sijaukata. Gerson kausoma mara mbili, hajasema utani. Kasema tu, "Isizidi pumzi moja."

Unasikia baridi?

Hayo tu. Anapiga magoti, ananusa mkono wa sweta, halafu hayo. Naogopa sauti itatetemeka. Naogopa itatoka ya nesi.

Fundi kazima mashine. Gerson kafunga mlango, kainua kidole. Nje Eve kaanza kulia, anasikika mpaka huku nyuma ya godoro, na Gerson ananitazama, tusubiri au twende. Yeyo anamwambia neno kwa Kiarusha, chinichini. Kwenye skrini Mrefu kashafika mlangoni kwa Mira, anainama. Namwambia twende, naweka kalamu.