Bati Linalovuja

Ilomba, Mbeya

Wifi Eveline,

Kaka yako Aroni mzima, na viazi vya Uyole tumeshavuna. Salamu zimeishia hapo.

Mwongozo wako wa kuwalea kikazi wakutubi wapya umetufikia kutoka Iringa. Jina lako liko juu, na cheo kipya chini yake. Mimi nilikufundisha kazi mwaka mzima hapa Ilomba, kwenye maktaba yetu ya bati, kwa daftari langu, ukaondoka nalo ukasema utalirudisha.

Nimefika ukurasa wa tisa: "Mvua ikianza, hamisha vitabu vya rafu ya dirishani, bati linavuja."

Wifi, juu ya maktaba yenu kuna ghorofa mbili. Bati gani hilo?

Jumatatu ukija kutufundisha nitakaa mbele kabisa. Nitakuomba utusomee ukurasa wa tisa.

Mwalimu wako,
Frida